Bafta ya Jengo la Mzee Omary

Jumatatu, 3 Oktoba 1977

Wameanza. Fundi Stanislaus na wenzake wamesimika miti ya kupandia mbele ya jengo tangu asubuhi. Kanisalimia kwa adabu zote za Kiha, mwakeye, mwakeye, na makofi juu, halafu akaniomba nisogeze cherehani, chokaa itaharibu nguo za watu. Nisogeze wapi? Nimeshasogezwa mara moja, kutoka ndani hadi barazani. Baada ya baraza ni barabara.

Gharibu alisimama chini ya tao, mikono nyuma, utadhani jengo kalijenga yeye. Amelijenga baba yao, Mzee Omary, mkwe wangu: mbele maduka mawili, nyuma ukumbi wa sinema. Duka la kushoto lilikuwa la marehemu mume wangu, Athuman. Alipofariki nilikaa eda, na nikiwa ndani ya eda shemeji yangu huyu akabadilisha kufuli. Alijua mjane hatoki. Siku nilipotoka nikakuta cherehani yangu barazani imefunikwa gunia, na ndani kajaza sukari na sabuni zake.

Mwaka wa tatu sasa. Bado namwamkia. Bado tunakula Idi sinia moja nyumbani kwa Mama mkwe. Lakini atanitambua.

Jumatano, 19 Oktoba

Wamefungua ukumbi. Popo! Walitoka kama moshi, mji mzima ukaja kuangalia. Samadi yao imejaa hadi juu ya viti. Tangu Athuman afe hakuna aliyeonyesha picha humo, Gharibu alifanya ghala la maharage. Sasa anataka sinema, maana Bwana Utamaduni wa wilaya, Ndugu Cleophas, ameamua sherehe ya Uhuru mwaka huu ifanyike humo, na wageni watoke Kigoma. Baada ya hapo kibali cha kuonyesha picha atapewa Gharibu.

Nilipanda hadi kile chumba kidogo cha mashine ya picha. Kwenye ukuta kuna alama ya mafuta pale Athuman alipokuwa akiegemeza bega. Stanislaus akasema kesho wanapaka chokaa. Nikamwomba pale aparuke. Akasema ataangalia.

Jumanne, 1 Novemba

Leo nimemeza mate machungu.

Juu ya mlango mkubwa, Mzee Omary aliandika kwa saruji: OMARY NA WANAWE. Herufi nene, nzuri, zimekaa pale tangu Mwingereza. Leo Stanislaus kapanda na patasi. NA WANAWE imeanguka vipande vipande mbele ya cherehani yangu. Mahali pake panaandikwa GHARIBU. Nikamuuliza fundi, je, hili nalo ni kukarabati? Akasema yeye anafuata anachoambiwa na mwenye jengo.

Mwenye jengo!

Nimeokota kipande kimoja, kina herufi W. Nimekiweka kwenye mtoto wa meza ya cherehani, pamoja na mikasi.

Jumamosi, 12 Novemba

Mvua. Bati jipya linapiga kelele hadi sisikii redio. Lakini lazima niseme ukweli, jengo linapendeza. Matao meupe, milango imepakwa kijani, sakafu imesuguliwa hadi ile rangi nyekundu ya zamani imerudi. Athuman angefurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ndugu Cleophas alikuja na mwavuli, amechanganyikiwa. Pazia la picha la zamani limeliwa na panya. Hakuna kitambaa cheupe Kasulu nzima, duka la ushirika lina kaniki tu, Kibondo nako wamejibu hakuna. Gharibu akampiga bega: Ndugu, usihangaike, niachie mimi. Halafu kwa mara ya kwanza tangu eda akanigeukia na kutabasamu. Shemeji atatushonea, akasema.

Nikasema nitashona. Sijui kwa nini. Labda nilitaka tu aniombe kitu.

Alhamisi, 24 Novemba

Nimejua!

Gharibu kaleta majora ya bafta nyeupe jana, mazuri, mazito. Nimekaa kushona leo na mshono wa kwanza tu harufu ikanipanda puani. Kafuri. Nikainamisha uso, nikanusa tena. Kafuri tupu. Bafta ya dukani hainuki kafuri. Inanuka hivyo iliyokaa kwenye sanduku la sanda la msikiti, na ufunguo wa sanduku hilo anao mtu mmoja. Watu walimpa Gharibu atunze kwa sababu ni mfanyabiashara, anajua kutunza vitu.

Amechukua sanda za Waislamu wa Kasulu akatengenezea pazia la sinema. Najua hesabu yake: lori la Kigoma likija atarudisha, na nani atakufa wiki hizi mbili?

Nilicheka peke yangu barazani, Immakulata jirani akanitazama vibaya. Moyo wangu kwatu! Sisemi neno. Nashona, naweka pindo la kaniki pande zote kama alivyotaka Ndugu Cleophas, kisha pazia litaning'inizwa. Na siku ya Uhuru, ukumbi umejaa, mashehe mstari wa mbele, wageni wa Kigoma wameketi, nitasimama mimi na kuwauliza wote kama hawasikii harufu.

Sanda haipigwi cherehani. Nimeipiga. Hilo najua, Mungu naye anajua.

Jumapili, 4 Desemba

Nimekwenda kwa Mama. Mama mkwe wangu, Bi Mwajabu, mtu pekee katika nyumba ile aliyenibebea chakula nilipokuwa kwenye eda, kwa mikono yake mwenyewe, pamoja na magonjwa yake. Kifua kinambana tena. Hataki kupelekwa Kabanga hospitali, anasema amechoka kulala vitanda vya watu.

Akanishika kifundo cha mkono. Akasema siku yangu ikifika unioshe wewe, wengine hawana mikono. Nikasema Mama acha maneno hayo. Akaendelea tu. Sanda yangu, akasema, nilijinunulia mwenyewe Ujiji, bafta ya zamani, nikaitia kafuri kwa mkono wangu. Iko kwenye sanduku la msikiti chini kabisa, nimeifunga uzi wa bluu. Vipande vyote vitano vinatoka mle, usikubali kitambaa kingine. Niahidi.

Nikamwahidi.

Jora la mwisho lilikuwa na uzi wa bluu. Niliukata mwenyewe kwa mikasi, nikautupa.

Ningemwambia. Mdomo ulifunguka. Lakini nikaona Ijumaa ya Uhuru i karibu mno, na nimengoja sana, na Mama ameshaugua hivi mara ngapi akainuka. Nikamnywesha chai nikarudi.

Jumanne, 6 Desemba

Limeshaning'inizwa. Jeupe, limenyooka, ukuta kwa ukuta. Wamejaribu jenereta na taa ya mashine, watu wakapiga makofi kuona mwanga tu. Gharibu kanisifu mbele yao: mikono ya shemeji hiyo. Nikasema asante shemeji.

Alhamisi, 8 Desemba

Mama hali chakula. Anapumua juu juu. Gharibu amekuja mara moja, kasimama mlangoni, kaondoka kupokea wageni. Nimeona macho yake. Ameanza kuhesabu upya.

Niseme leo? Kesho. Kesho tu.

Ijumaa, 9 Desemba

Mama amefariki. Asubuhi, kabla watu hawajaanza kujiandaa kwa swala, mkono wake mkononi mwangu.

Naandika barazani. Mikono yangu haitulii nisipoipa kazi.

Tumemwosha, mimi na Bi Asia wa msikitini. Maji ya mkunazi, taratibu, kama alivyopenda. Maziko baada ya alasiri. Bi Asia akaniuliza sanda. Nikasema Gharibu analeta. Akasema mbona mtunza sanduku ni mwanawe, ilipaswa iwe hapa tangu asubuhi. Nikatoka, nikaja huku barazani.

Gharibu kanijia hapa baada ya swala ya Ijumaa, kofia mkononi. Uso wote umemshuka. "Shemeji, pita mlango wa nyuma. Fumua pazia upande mmoja tu. Nitamwambia Ndugu Cleophas limeingia maji." Nikamuuliza kwa nini asiombe shuka kwa watu. Najua kwa nini. Akimwomba yeyote ataulizwa bafta ya msikiti iko wapi. Alishatuma pikipiki Manyovu kutafuta bafta nyingine tangu jana, mvua imekata barabara, haijarudi.

Nikamwambia sanda ya Mama ilikuwa mle sandukuni. Ya uzi wa bluu. Alijinunulia Ujiji.

Hakujua. Ilionekana usoni. Miaka hii yote nimetaka kuuona uso ule, na leo nimeuona, na sikushiba. Nilijua tangu Jumapili. Ningesema Jumapili angekuwa ameshavikwa yake. Nilitaka ukumbi ujae kwanza.

Akatoa ufunguo wa duka la Athuman akauweka juu ya cherehani. Sikuugusa.

Nikamwambia: "Watu wanaingia. Simama mbele ya pazia lile uwaambie limetoka wapi. Na duka ulilichukua mimi nikiwa wapi. Ukimaliza ninakuja na wembe kulifumua."

"Utamwaibisha Mama siku ya maziko yake."

"Aliyemvua Mama sanda si mimi, shemeji."

Ameingia. Ni muda sasa.

Jenereta inanguruma nyuma. Namsikia Ndugu Cleophas akikaribisha wageni, anataja jengo, matao, urithi wetu. Makofi. Immakulata amekuja mbio: Bi Asia anauliza, jua linateremka, Mama amefunikwa khanga tu. Nikasema bado kidogo. Kanitazama kama hanijui. Amekaa pale ngazini, hataki kurudi bila mimi.

Makofi yamekwisha. Jenereta imezimwa. Nani kaizima?

Gharibu anakohoa. Kikohozi kile nakijua, ni cha baba yake, cha Athuman pia, kabla ya kusema jambo zito.

Sema, Gharibu.

Jua liko kwenye herufi za mlangoni. Wembe ninao. Ufunguo uko palepale nilipouacha. Sema, maana nimeshavaa viatu.