Baba Kafufuka Katikati ya Usaili

Mwenzangu, uko hapo? Nimemaliza usaili wa chuo sasa hivi.

Tumewasha video tu, mama mwenyekiti wa jopo akaanza kwa huruma: "Pole sana kwa kufiwa na baba."

KUFIWA NA BABA! Mimi!

Na Baba huyo yuko nyuma yangu, kashika chaja, anahangaika na soketi.

Kumbe ni kazi ya binamu yangu, yule tunayemwita Profesa. Nilimpa insha yangu ya maombi anirekebishie nukta na mkato, akamzika baba yangu humo humo! Eti chuo kile kinachukua wachache mno, asiye yatima hapenyi. Na mimi kichwa maji nikaituma bila kuisoma tena.

Ningejiliza kidogo tu, yangeisha. Nikakataa katakata. Nikageuza simu: "Baba yangu ni huyu, mzima wa afya. Msiba kaongeza mtu mwingine, na mimi nilikosea kutuma bila kusoma. Niulizeni hesabu. Niulizeni kwa nini nataka uhandisi."

Mama yule akamuuliza Baba kama ana la kusema. Baba akainamia kamera: "Marehemu hana neno."

Wakaangua kicheko. Baba hakucheka.

Basi wakaniuliza hesabu, nikazijibu. Wakininyima nafasi, poa. Siingii chuo kwa kumzika mtu anayenitafutia chaja.

Ee, Profesa huyo anapiga! Ngoja nimpe Baba simu, marehemu apokee mwenyewe.