Ripoti ya Kisima Niliyoizika kwa Mkono Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla kifua hakijanipasuka. Nafanya kazi katika maktaba ya kidijitali ya serikali ya mkoa wetu, hapa kaskazini mwa Argentina, kazi yangu ni kupokea ripoti za watafiti na kuziandikia maelezo ili mtu akizitafuta kwenye kompyuta azipate, na mwezi Machi ikaingia ripoti ya visima vya Pozo Lindo, kijiji nilichozaliwa, inasema maji yana sumu ya aseniki mara sita ya kiwango kinachoruhusiwa, mkurugenzi akaniita akasema, "Sheria haituruhusu kufuta, Delmira, basi iweke kwenye 'Udongo, mengineyo', na jina la kijiji usiliandike," nami nikafanya hivyo hivyo kwa kuwa mkataba wangu unakwisha Desemba, na tangu siku hiyo anayetafuta Pozo Lindo anaambiwa hakuna kitu, sasa Jumapili nilikwenda kijijini kwa Ramona, komadre wangu, maana mwanawe ni mtoto wangu wa ubatizo, akanipa kibuyu cha yerba, chai yetu ya kupokezana, nikasita kukipokea, akacheka, "Heee, komadre! Mjini wamekufundisha kuona kinyaa? Maji nimeyachemsha, yatakuuaje?" nikanywa, na mtoto akanywa maji yaleyale mbele ya macho yangu, nikaaga nikarudi mjini bila kuwaambia. Nifanye nini? Sijafuta kitu, mshauri, ripoti ipo.

Delmira

(Majina nimeyabadilisha. Mshauri.)

Delmira, nakuhurumia kwa mkataba wako, na huruma yangu inaishia hapo. "Ripoti ipo!" Hayo ni maneno ya mkurugenzi wako, wewe umeyaazima tu. Anayechoma karatasi angalau tunauona moshi. Ninyi mmebuni njia isiyotoa moshi. Watafiti walichota maji kisima kwa kisima, juani, kwa kodi za haohao wanaoyanywa, na wewe kwa maneno mawili umewanyang'anya walichokilipia. Na huyo bwana anaijua sheria vizuri, ndiyo maana anajua pa kuizungukia!

Sasa nisikilize. Kuchemsha hakuondoi aseniki. Maji yakipungua sufuriani, sumu inazidi kukolea. Ramona anadhani amejikinga. Wewe peke yako pale mezani ulijua hajajikinga. Nenda kwake leo, usingoje Jumapili. Maji ya kisima yasinywewe wala kupikiwa, na mtoto akapimwe hospitali. Mwambie pia kwamba ulijua. Atakutukana, mwache atukane mpaka achoke.

Kesho asubuhi yasahihishe maelezo yale: aseniki, maji ya kunywa, Pozo Lindo. Hiyo ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya. Mkurugenzi akifoka, mwombe amri yake kwa maandishi na sahihi; watu wa namna yake kalamu huwawia nzito ghafla. Nakala moja ya ripoti ipeleke zahanati ya kijiji, nyingine shuleni. Chama cha wafanyakazi kione kabla hujafukuzwa, maana kufukuzwa kunawezekana, sitakudanganya.

Na ukimaliza, lifungue hilo fungu la "mengineyo" usome kila kilichomo. Siamini kwamba kijiji chako ndicho cha kwanza kuzikwa humo.