Jiwe la Arvid Limepimwa

Malmberget, Sweden
27 Agosti 1966

Shemeji yangu mpendwa Verner,

Amani ya Mungu iwe nawe huko Kanada. Hujambo? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukiinama? Sisi huku miili ni mizima, tunamshukuru Mungu. Mama yenu anakula vizuri, na kahawa yake ya kutumbukizwa vipande vya jibini haimpiti. Binti yangu Majlis amefaulu mtihani wa uuguzi.

Barua yako nimeipata. Unasema kama jiwe alilochimba marehemu kaka yako Arvid kule kilimani lina chuma cha kutosha, utaacha kazi yako ya mgodini huko, urudi kabla ya theluji, uchimbe chuma katika hilo shamba lenu. Nimelipima. Naomba ukae chini kwanza.

Unaijua kazi yangu ya maabara hapa mgodini. Jiwe tunalisaga likawa unga, tunaliyeyusha kwa asidi, tunatia dawa ya kuondoa umanjano. Halafu tunadondosha dawa ya zambarau kutoka kwenye mrija wa kioo wenye alama. Chuma kinaimeza rangi. Tone linapotea, jingine linapotea, mpaka linakuja moja lisilopotea, maji yanakuwa waridi hafifu. Hapo unasoma mrija. Ikitumika dawa nyingi, chuma ni kingi.

Sheria yetu mtu hapimi jiwe lake mwenyewe, maana jicho hupenda kungoja tone moja zaidi. Basi jiwe nililitia namba, nikalichanganya na mawe ya mgodi, nikampa mwenzangu Gunvor. Sikumwambia ni la nani.

Rangi ya waridi ilikuja mapema mno. Gunvor akacheka.

"We Hildur, nani kaleta hili? Hili la kupanga kwenye jiko la bafu la mvuke! Mwenyewe akalipashe moto, walau atoke jasho."

"Ni la Arvid," nikamwambia.

Akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akasema, "Dada, nisamehe. Mdomo wangu huu! Nirudie?"

"Rudia."

Alirudia mara mbili, polepole kama anayemnywesha mgonjwa. Zote tatu zilitoka sawa: kumi na tisa katika mia. Mawe tunayopima kila siku hufika sitini. Arvid hakusema uongo, sindano ya dira iligeuka kweli pale kilimani kama alivyotuambia. Lakini chuma kidogo kinatosha kugeuza dira. Hakitoshi kuchimbwa.

Nilidhani nitalia. Nikaosha vioo, nikavipanga, nikavaa koti, nikaenda nyumbani kuchemsha viazi. Niko hivyo tangu tumzike mume wangu Aprili. Nasali, maneno yanatoka, mimi mwenyewe sipo. Mama usimwandikie kwamba niko hivi.

Kesho yake nilimweleza Gunvor juu ya barua yako. Akasema, "Si uandike hamsini? Aje tu, mkae naye. Nani atakuja kuhesabu?" Nakiri mbele za Mungu, Verner, nilikaa na kalamu muda mrefu. Paa la ghala linavuja, majani ya ng'ombe nimekata peke yangu mwaka huu, na nyumba imekuwa kubwa. Nilikaribia kuandika hamsini.

Ni kumi na tisa. Usiache kazi kwa ajili ya jiwe lile. Ukitaka kuja kwa ajili ya Mama, njoo. Kila asubuhi anauliza habari zako. Habari za chuma hajauliza hata siku moja.

Nisalimie mkeo Tyyne na watoto. Majlis anakusalimu, na Gunvor pia, anaona haya. Bwana akulinde chini ya ardhi na juu yake.

Barua yako ilichukua wiki mbili kunifikia, na hii itachukua kama hizo. Nakuomba unijibu upesi, hata mistari miwili, nijue kama kazi umeshaiacha au bado.

Ni mimi, shemeji yako akupendaye,
Hildur