Idhini ya Kisa cha Kaimati

Ndia Kuu, Mombasa
13 Januari 2025

Ndugu yangu Halimu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi yangu na watoto. Huku hatujambo, ila goti langu la kushoto linagombana nami kila nipandapo ngazi.

Simu zangu hupokei tangu alipofariki Baba, mwaka wa saba huu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nina jambo dogo. Nastaafu Disemba, na kabla sijaondoka nataka wanafunzi wangu wa Gredi ya Nne wasome kitabu cha Baba, *Visa vya Ndia Kuu*, hasa kile kisa cha kaimati. Nakala iliyobaki ni hii yangu, na mende wamekwisha kuila mpaka ukurasa wa tisa. Zamani ningepita duka la fotokopi, nikatoa nakala arubaini na tano, yakaisha. Sasa mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Crispus, anasema hakuna kazi ya mtu itakayonakiliwa shuleni kwake bila idhini ya mwenye haki, iliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Nikawaandikia wachapishaji Nairobi. Barua tatu, miezi mitano. Ya kwanza walinielekeza idara nyingine. Ya pili hawakujibu. Ya tatu wakasema kitabu walishaacha kukichapa, haki zilimrudia Baba, kwa hivyo sasa ni za warithi wake. Warithi ni mimi na wewe. Nimechoka, Halimu, kuomba ruhusa ya maneno ambayo Baba aliyatunga barazani kwetu, nami nimekaa miguuni pake.

Fomu anakuletea jirani yetu Taib, anayekuja huko kikazi. Ni sahihi moja tu. Nimekutilia na kopo la visheti, nimevipika kama vya Mama.

Dadako,
Mwanaesha


Maskati
9 Februari 2025

Dada Esha,

Waalaykum salaam. Sisi wazima, alhamdulillahi. Hilo goti lipeleke kwa daktari.

Sitatia sahihi. Tafuta kisa kingine, vitabu ni vingi.

Nduguyo,
Abdulhalim


Ndia Kuu, Mombasa
24 Februari 2025

Halimu,

Salaam kwako na kwa nyumba yako. Mimi mzima, lakini nimekasirika, na sitakuficha.

Miezi yote hii natumwa huku na huku, kisha ndugu yangu wa tumbo moja ananijibu kwa mistari miwili. Na kopo umelirudisha tupu. Taib alinikabidhi huku akitazama pembeni, maana naye amelelewa mtaa huu na anajua kuwa chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata kama ni kwa tende mbili. Mama angeliona lile kopo angejificha uso.

Nilirudi kwa Crispus nikamwuliza kama sahihi yangu peke yangu haitoshi. Akanionyesha kwa kidole palipoandikwa "warithi wote". Nikamwambia aliyebaki ni ndugu yangu. Akasema basi ni rahisi. Nilitamani kumwangushia kabati.

Hujui unachonyima. Mwaka jana, wakiwa Gredi ya Tatu, niliwasomea watoto hawa kurasa mbili. Darasani mna msichana mmoja, Mercy. Wazazi wake walitoka bara, babake yuko bandarini, na muhula mzima alikuwa hajafungua mdomo. Siku hiyo aliinua mkono akauliza kama baraza ya kitabuni ni ile anayoipita akija shule. Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo hanyamazi. Nikiondoka Disemba hakuna mwalimu atakayehangaika na kitabu hiki tena. Watakimaliza mende.

Kama kinachokuuma ni lile jina la kitabuni, Halimu, huo ni mzaha wa utotoni, wa miaka hamsini iliyopita. Wewe sasa ni babu wa watu.

Dadako,
Mwanaesha


Maskati
14 Machi 2025

Dada Esha,

Waalaykum salaam, na Ramadhani njema. Afya zetu nzuri. Goti lako hukulitaja, nadhani limepoa.

Mzaha, umesema. Basi nikukumbushe, kwa kuwa mwalimu amesahau somo. Mama alitupa sahani ya kaimati tumpelekee Bi Mahira, nyumba ya pili, kabla ya magharibi. Wewe ulikuwa na miaka kumi, mimi minane, na ile ndiyo siku yangu ya kwanza kufunga kutwa nzima. Ngazini ukafunua kawa, ukala kaimati saba. Nilizihesabu, kwa sababu nilikuwa na njaa. Kisha vidole vyako vilivyonata shira ya sukari ukavifuta kwenye kanzu yangu.

Bi Mahira alimwambia Baba sahani imefika na kaimati tatu. Baba akaitazama kanzu yangu, hakuutazama mdomo wako. Alisema, "Kumbe ni wewe, Halimu? Na funga yote hiyo?" Ukanifinya mkono. Nikanyamaza. Nilidhani kesho yake ungesema.

Mwaka uliofuata Baba akakiandika, jina langu na vyote. Shule nzima wakanisoma. Halimu Kaimati. Nilikuwa na ndevu, na wauza vinyago pale Ngome ya Yesu bado wananiita Kaimati. Nilipoposa mara ya kwanza, kaka wa yule binti alicheka mpaka akakohoa. Watu husema nilifuata kazi Maskati. Mimi nililikimbia jina.

Baba alipofariki nilikata tikiti. Siku ile ile binamu yetu akanipigia kunipa pole, akasema, "Mungu akupe subira, Kaimati." Nikairudisha tikiti. Ni kosa langu, nalijua, na halijaniacha hata siku moja.

Sasa unataka watoto arubaini na tano waanze upya. Na idhini unaniomba mimi.

Nduguyo,
Abdulhalim


Ndia Kuu, Mombasa
2 Juni 2025

Ndugu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sijui nikuulize vipi afya yako. Mimi mwili mzima.

Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana. Ni kweli. Zilikuwa saba. Sikusahau, Halimu, nilijizoesha kusahau, na nikafanya hivyo miaka mingi hata ukaniona nakiomba kisa kile kama kwamba hakinihusu. Baba alipokuwa mgonjwa nilikaa naye kitandani siku nzima nzima. Siku moja nilifungua mdomo nimwambie. Nikajikuta namwuliza kama anataka maji.

Nimewalaumu wachapishaji, nimemlaumu Crispus, nikakulaumu na wewe. Nyani haoni kundule. Nikakuandikia habari ya kopo tupu, mimi niliyefikisha sahani na kaimati tatu. Naona aibu, na nina hasira na nafsi yangu kuliko nilivyowahi kuwa na mtu.

Nisamehe kwa kaimati, na kwa kule kukufinya mkono, na kwa mazishi ya Baba. Fomu ichane. Kitabu nimekifungia kabatini, na sitakuomba tena.

Dadako,
Esha


Maskati
20 Agosti 2025

Dada Esha,

Waalaykum salaam. Sote wazima. Wifi yako anakusalimu, amesoma barua yako kabla yangu.

Fomu sikuichana. Anairudisha Taib, na sahihi yangu imo. Penye masharti nimeandika sharti moja: kisa kisomwe kwa jina la aliyekula. Ukikubali, tia sahihi yako chini ya yangu. Usipokubali, usitie, wala sitauliza.

Halwa aliyo nayo Taib ni ya lile kopo.

Nduguyo,
Halimu


Ndia Kuu, Mombasa
3 Oktoba 2025

Ndugu yangu Halimu,

Assalaam alaykum, na Mungu akuzidishie afya. Halwa tumekula na majirani.

Fomu nilikaa nayo wiki tatu juu ya meza. Kisha nikaitia sahihi mbele ya Crispus. Alisoma sharti lako, akanitazama, akasoma tena, akagonga muhuri. Kwa mara ya kwanza hakuwa na swali.

Jumatatu nikawasomea. Kila palipokuwa na Halimu niliweka Mwanaesha. Walicheka, mpaka tulipofika penye kanzu. Hapo kitabu kinasema kanzu ilimsaliti mlafi, nami nikawaambia kanzu haikuwa yake. Mercy akauliza yule ndugu alifanya nini. Nikasema alinyamaza. Akauliza kwa muda gani. Nikaandika ubaoni: miaka hamsini. Mercy akautazama ubao, akasema, "Mwalimu, kaimati saba si nyingi hivyo." Niliwaambia wachore sahani.

Jana natoka dukani, mtoto akapaza sauti nyuma yangu: "Mwalimu Kaimati!" Waliokaa barazani wote wakageuka. Uso uliniwaka. Mpaka mlangoni kwetu ni hatua ishirini, na zilinishinda. Nikafikiria wewe, uliyepita hapo hapo kila siku na umri wako ule, mimi nikiwa dirishani nakutazama.

Nikageuka, nikaitika.

Disemba wananiaga shuleni. Njoo, Halimu, twende kwa Baba ukamwombee dua. Ukipita Ndia Kuu watakuita kwa jina lako tu. Lile jingine limepata mwenyewe.

Dadako,
Esha Kaimati