Mkono wa Papa Assumani

Bruxelles, 14 Oktoba 1984

Maman,

Nakusalimu wewe na wote wa avenue yetu pale Kabondo. Goti lako namna gani? Mimi niko salama, ila baridi imenivamia mapema na nalala na soksi mbili. Nimepata chumba kwa Maman Angélique, mtu wa Isangi, ambaye amekaa huku miaka mingi na anapika pondu, majani yetu ya muhogo, kila Jumapili. Masomo ya uuguzi yameanza. Wanasema naandika vizuri lakini nasema polepole.

Lile ulilonituma pale uwanja wa ndege sikulisahau. Ulinishika mkono ukasema: "Feza, papa yako anajuaka kazi moja tu, kupika kari ya Wahindi. Kama iko muzima, iko ndani ya jikoni. Ingia mu marestora, onja. Utajua mukono yake."

Bon, nimeanza. Jana niliingia restora ya kwanza ya Wahindi, mtaa wa nyuma ya stesheni. Sitakudanganya, Maman: kari ilikuwa nzuri. Kuku laini, wali unaonukia, mkate wa moto uliofura kama shavu la mtoto. Nilikula mpaka nikaona haya. Lakini haikuwa ya Papa. Uso wake sasa nauona kwa picha tu, lakini ulimi wangu unakumbuka vizuri zaidi kuliko macho. Nilikuwa nakula kari yake pamoja na Nasim, binti wa Bwana Jivraj, Mhindi aliyempa Papa kazi, tumekaa juu ya magunia ya chumvi nyuma ya duka lao, na Papa anatufokea tusimalize samaki wote.

Nitaendelea kutafuta.

Mwanao, Feza


Kisangani, 9 Desemba 1984

Feza mwanangu,

Barua yako imefika, nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Goti langu linaamka na mvua, linalala na jua. Sokoni mikate inauzika, nikipata unga. Jana tulikuwa na Salongo, kazi ya lazima ya serikali, tumefagia barabara ambayo hakuna gari linalopita. Usicheke kwa sauti, huko labda kuna watu wanasikia.

Umenifurahisha na mikate iliyofura. Lakini usinenepe kwa kazi niliyokutuma!

Nikukumbushe mapishi yake, usije ukadanganywa na viungo vizuri. Hapa Kisangani ukwaju haukuwako, ndiyo maana papa yako alitia ngai-ngai, yale majani machachu, ili kari ichachuke. Samli ilipokosekana akatia mawese. Na samaki wa Wagenia, wavuvi wa maporomoko, alimpitisha kwanza juu ya moshi. Mke wa Jivraj alilia siku alipoonja mara ya kwanza. Baadaye akawa hataki nyingine. Mawese na ngai-ngai pamoja ndani ya kari: hakuna Mhindi wa Uhindi anayepika vile.

Sasa nikuambie kwa nini nakuharakisha. Juma wa Lubunga, yule wa reli, amekuja tena na wajomba zake kuniposa mimi. Kila Ijumaa anavuka mto kwa pirogue na samaki ndani ya gazeti, anakaa kwenye kiti cha mlangoni, anauliza habari zako. Ni mtu mwema, Feza. Anacheka polepole kama mtu anayewangoja wengine. Nataka kumkubali. Nasema wazi, wewe si mtoto tena.

Sheikh anasema mwanaume akipotea miaka yote hii, yeye anaweza kunifungua katika ndoa. Mimi nimekataa. Serikali ilipompa mtu mwingine duka la Jivraj, papa yako aliondoka nao kwenda huko Ubelgiji akisema: "Mutanifuata, makaratasi inakuja." Barua moja, basi. Tangu pale kimya. Siwezi kulala nyumbani kwa Juma huku nasikiliza mlango. Nataka kujua kwanza: mimi ni mke ao ni mjane? Hata nikitia sahihi chini ya barua hii sijui niandike nini.

Nimemwambia Juma nitamjibu siku ya Idi.

Mama yako


Bruxelles, 24 Februari 1985

Maman mpenzi,

Umeamkaje na goti hilo? Hapa theluji imekuwa matope. Nimeumwa kifua, nimepona.

Wahindi wa mji huu karibu nimewamaliza. Kuna mmoja karibu na soko la samaki ambaye dengu zake zingekufanya usamehe deni. Kuna mwingine anaweka maji ndani ya kila kitu, pengine hata ndani ya chumvi. Kuna wa tatu, mzee mwenye kilemba, nilipomuuliza kama anamjua mpishi mweusi anayeitwa Assumani, alinipa chai bure akatikisa kichwa. Wanafunzi wenzangu sasa wananiuliza mimi wapi pa kula kari nzuri. Nimekuwa fundi wa jambo ambalo sikulitaka.

Kisha nikaanza kwa watu wa Tailandi. Usiniulize nchi hiyo iko wapi, ni mbali kupita Uhindi. Kari yao moja ni ya kijani kama pondu. Nilipoiona moyo ukaruka! Kumbe ni maziwa ya nazi, na majani yenye harufu ya ndimu, na pilipili ya kumtoa mtu machozi. Tamu sana. Nilikaa peke yangu nikala, na nje giza tayari saa kumi na moja, nikawaza: kama Papa angekuwa mji huu, mbona hajatutafuta sisi? Nisamehe. Swali hilo linanijia nikishashiba.

Mpe Juma salamu. Mimi sina neno juu yake.

Mwanao, Feza


Bruxelles, 11 Mei 1985, Jumamosi

Maman! Maman!

Sina muda wa kukuuliza hata goti. Tonton Hilaire, jirani yetu wa Kabondo, anapanda ndege kuja huko usiku huu na anangoja hii barua mlangoni, viatu vyake miguuni.

NIMEMPATA. Restora ndogo, nusu ya chakula ni ya Tailandi, nusu ya Uhindi. Mwenye kuhudumia ni mwanamke wa Tailandi. Niliomba kari ya samaki. Maman, mawese! Na ngai-ngai, na moshi! Nililia mbele ya watu, yule mwanamke akaniletea maji. Nikamuuliza nani anapika. Akasema: mtu wa Kisangani. Ametoka, kesho Jumapili restora inafungwa, atakuwako Jumatatu.

Nani mwingine wa Kisangani anapika vile? Papa yuko hai. Jumatatu nitamshika mkono.

Feza wako


Bruxelles, 13 Mei 1985

Maman yangu,

Kaa chini kabla ya kusoma. Kama Maman wa jirani yuko karibu, mwite.

Leo nimekwenda. Nilivaa ile robe ya bluu uliyonishonea. Mlango wa jikoni ulifunguka akatoka mwanamke wa umri wangu, mikono yenye unga. Akaniangalia sana. Akaniambia kwa Kiswahili cha kwetu: "Feza? Feza ya magunia ya chumvi?"

Ni Nasim. Ndiye mtu wa Kisangani. Alizaliwa Makiso, pale mjini kwetu, na hajasahau kitu, wala jina lako wala langu wala maneno ya jikoni.

Aliniketisha. Akasema: "Papa Assumani njo alinifunzaka. Ye alikufa, Feza. Batu hawakukuambia? Alikufa mwaka ya pili ya kufika, mwezi wa kwanza, juu ya ugonjwa ya kifua. Papa yangu aliandika."

Jivraj aliandika kweli, Maman. Aliandika kwenye boîte postale ya duka, kwa sababu ndiyo anwani pekee aliyoijua. Na duka lilikuwa la mtu mwingine. Sijui barua ile iliishia wapi. Bwana Jivraj naye amekwisha kufa.

Tangu Januari 1976. Mimi nilikuwa darasa la nne na nilikuwa nakusaidia kuuza mikate, na yeye alikuwa tayari ardhini. Nasim amenipeleka kaburini. Kuna jiwe dogo na jina limeandikwa sawasawa. Nilikaa hapo nikashindwa kusema dua mpaka mwisho.

Nisamehe barua ya Jumamosi. Hakuna mtu anayesafiri wiki hii, naitia posta hii leo. Mungu aipe miguu. Naomba isikukute umekwisha kumjibu Juma.

Feza


Kisangani, 26 Mei 1985

Binti yangu mwenye ulimi wa dhahabu!

Mungu akulipe. Goti limepona lenyewe siku Tonton Hilaire alipoingia uani na barua. Nilipiga vigelegele mpaka wakafikiri ni arusi. Tuko katika mfungo, lakini jioni ile nilifuturisha avenue nzima kwa lituma ya ndizi za kuponda na samaki, sikuuliza gharama.

Sikungoja Idi. Nilimwita Juma Ijumaa ile ile nikamwambia: "Assumani iko muzima." Alikunja gazeti la samaki, akalikunjua. Kisha akasema: "Mungu asifiwe, mama. Mwanaume anarudi, hiyo ni jambo kubwa." Akanywa maji akaondoka. Sikumtazama mpaka mto, sikutaka kumwona mgongo.

Mwambie papa yako sina hasira. Nilikuwa nayo, nimeitafuta leo siioni. Usimuulize kwa ukali kwa nini alinyamaza. Mwanaume akishindwa huko ugenini anaona haya kuandika. Ana mvi? Amekonda? Nimeanika kanzu zake, panya wamekula moja tu. Mwambie aje hata na mikono mitupu.

Mama yako, mke wa Assumani


Kisangani, 23 Juni 1985

Feza wangu,

Idi imepita salama, nilikuombea. Mbona kimya? Posta hapa wanasema hakuna ndege, kisha wanasema hakuna mafuta. Tonton Hilaire naye amekwenda Bengamisa.

Natazama njia kila siku. Watu wananiuliza Papa Assumani anasemaje, mimi najibu anawasalimu. Nimewadanganya, lakini kwa kitu kidogo.

Juma ameoa jana. Mjane wa Ubundu, mwanamke mpole, wajomba wa Juma walikuwa wamemtafuta haraka. Nilipeleka sahani kumi za mikate. Nilipovuka mto kurudi nilisikia kitu kinaniuma hapa kifuani, nikajiambia: muke ya mutu, tulia.

Niandikie hata mstari mmoja. Ama mwache yeye aandike, mwandiko wake naujua.

Mama yako, mke wa Assumani


Bruxelles, 28 Julai 1985

Maman,

Nimepata barua zako mbili siku moja. Nimezisoma nimekaa kwenye ngazi ya Maman Angélique, akadhani nimefiwa leo.

Barua yangu ya tarehe kumi na tatu Mei haijafika. Nimeandika yote tena, karatasi iko ndani ya bahasha hii, na mtawa mmoja anaileta kwa mkono mpaka mlangoni kwako. Soma ile kwanza. Mimi sina maneno mengine. Papa hajasema kitu, Maman. Papa hawezi.

Feza


Kisangani, 1 Septemba 1985

Feza,

Mtawa alifika. Wiki ileile na barua yako ya posta ikafika, imelowana, stampu imetoka. Kwa hiyo nimefiwa mara mbili.

Tulifanya matanga. Juma alivuka na mke wake. Mke huyo ndiye aliyepika wali, sufuria kubwa, akaniletea sahani yangu kwa mikono miwili akasema: "Kula, dada, hata kidogo." Nikala. Sikuwa na mahali pa kuweka macho.

Nilimwambia sheikh kwamba sasa naingia eda. Alinitazama kwa huruma, akauliza: alikufa lini? Nikamwambia. Akasema: "Mama, eda inahesabiwa tangu siku mwanaume alikufa, hata kama muke hajue. Yako ilikwisha. Ilikwisha zamani, wewe unauza mikate." Unaelewa, mwanangu? Nilikuwa huru miaka yote hiyo. Juma alipokuja mara ya kwanza nilikuwa huru, na mara ya pili, na kila Ijumaa na samaki yake. Mlango niliokuwa nausikiliza haukuwa na mtu nyuma yake. Na sasa hata kukaa ndani nimlilie siruhusiwi, nimechelewa.

Nimekaa ndani hata hivyo. Waseme.

Sikulaumu kwa ulimi wako, ulimi haukukosea. Mkono ule ni wake kweli. Lakini nakuambia neno moja, kisha sitalirudia: nimemngoja miaka kumi, Feza. Kungoja siku mbili tena, Jumamosi mpaka Jumatatu, kungeniua?

Nasim mpe salamu, mwambie asiache ngai-ngai. Nenda kule ukale. Ukila, usiniandikie ilikuwa tamu namna gani. Vaa soksi, baridi inarudi.

Mama yako, mjane wa Assumani