Televisheni ya Baba Mkwe

Ng'ambo, Tabora

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaisikia kutoka huku. Mguu unaendeleaje? Baba anakula vizuri? Mimi mwili ni mzima ila moyo ndio mgonjwa, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Wewe ukiipokea unaweka sauti kubwa ili majirani nao wanisalimie, na haya nisingependa Ujiji nzima iyasikie. Barua anakuletea Bi Tausi, jirani yetu, anayepanda treni kwenda kumwona mwanawe Kigoma. Kidumu cha asali ya Ipole ni chako, usikigawe chote.

Baba mkwe alipofariki hukuweza kuja kwa sababu ya mguu, nami nikakwambia tunaendelea vizuri. Hatuendelei vizuri, mama.

Unajua kazi yangu ni kutengeneza kadi za harusi na kuchapa barua za watu kwa kompyuta. Kabla ya msiba kompyuta ilianguka, kioo kikapasuka na kuwa cheusi. Ndani ilikuwa nzima, ila huoni kitu. Fundi akanionyesha kwamba naweza kuiunganisha kwa waya na televisheni, maandishi yakatokea huko. Televisheni yenyewe ilikuwa ya baba mkwe, pale sebuleni, nikajua atakataa. Kumbe alihamisha meza kwa mikono yake. Tukapatana mchana iwe yangu, na kukiwa na mpira iwe yake. Miaka yote ya cherehani, akishona kanzu, ilimwachia masikio mazito, kwa hiyo mpira wake ulisikika mpaka barabarani. Nikifanya kazi alikaa pembeni akisoma kadi za watu, herufi kubwa kama sahani, na kuniuliza bwana harusi huyu ni mtoto wa nani. Nilimpenda mzee yule. Nimemlilia kuliko wanawe na sioni aibu kusema.

Siku ya msiba wifi yangu Rehema aliifunika televisheni kwa kanga, kama ilivyo kawaida yetu. Sikuwa na neno. Lakini mama mkwe alipokaa eda, wifi akasema kanga haitoki mpaka eda iishe. Nikamweleza kwamba mimi siangalii chochote, naazima kioo tu, hakuna muziki wala picha. Akanijibu, "Ni televisheni, Zainabu. Haina jina jingine." Nikamlalamikia mume wangu Hamisi, akasema nivumilie, kisha akaondoka na lori lake kwenda Mpanda. Ndiye mume wa lori huyo, mama, ulinionya.

Watu nao wakawa wanataka kazi zao. Mama mmoja wa Gongoni alikuja kutoa pole, akanikumbatia, na hapohapo akaninong'oneza sikioni kadi za binti yake ziko wapi. Nilikuwa nikiiwasha kompyuta naisikia inanguruma, najua kadi za yule binti zimo humo, na siwezi kuziona. Niliogopa wateja watanikimbia wote nibaki mtu wa kuomba hata sabuni.

Basi subira ikaniishia. Mchana mmoja Rehema alikuwa sokoni na mama mkwe kajipumzisha chumbani. Nikashusha pazia la dirisha, nikaondoa kanga, nikaunganisha waya. Kompyuta nilikuwa nimeinyamazisha kabisa. Kazi ikaenda, nikawa nimebakiza kusahihisha jina la bibi harusi tu, umeme ukakatika. Uliporudi, televisheni haikurudi kwenye kompyuta yangu. Ilirudi kwenye mpira, tena kwa sauti ileile aliyoiacha marehemu, maana sikuwahi kuigusa. Mtangazaji akajaa nyumba nzima. Nikawa natafuta rimoti chini ya mito.

Kabla sijaipata, pazia la chumbani likafunguka. Mama mkwe akatokea na nguo zake za eda, usingizi bado machoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kila siku:

"Baba Hamisi, punguza basi."

Halafu akakiona kiti cha mzee, kitupu.

Nikachomoa waya ukutani. Hakunifokea. Alirudi chumbani taratibu, akishika ukuta, na kuanzia hapo hakusema nami. Nikipika mimi, hali. Mtaani wanasema mke wa Hamisi kafungulia mpira mkwewe yuko edani, na wengine wanaongeza kwamba nilikuwa nacheka. Hamisi aliporudi alimsikiliza dada yake, mimi hakuniuliza kitu. Akaibeba televisheni akaipeleka kwa shangazi yake, na mimi akaniambia niende Ujiji mpaka mambo yapoe. Mke akirudishwa kwao katikati ya msiba unajua watu wanavyosema, na unajua kama huwa anaitwa tena. Nyumba hii naipenda, mama. Sitaki kuondoka.

Jana nilikuwa nakunja nguo zangu, mama mkwe akaniita. Nikapiga magoti mlangoni, nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza.

"Mbona ulikimbilia kuizima?"

Alinisubiri, mama, alitaka kweli nimjibu. Nikarudia radhi zilezile, akageukia ukutani. Wote tulidhani amekasirishwa na ile kelele, kumbe kilichomuumiza ni kuzimwa. Na sasa televisheni haipo, hata nikisema nimwashie asikie kidogo, nitamwashia nini? Toka jana sijafunga mzigo wala sijaufungua. Nakaa tu.

Nisalimie shangazi aliyenilea, kaka mkubwa pale dukani, na mdogo wangu wa mwisho, mwambie aache uvivu wa kusoma. Baba mwamkie, mengine mfiche kwanza. Chumba changu usikifagie bado. Au kifagie, ila usimwambie mtu ni kwa ajili ya nani.

Ni mimi mwanao, ambaye leo akiulizwa kwake ni wapi hana la kusema,

Zainabu