Leso ya Lulu

Nuzha, Jeddah
Machi 2014

Dada Mwende,

Atieno anayekuletea barua hii atakueleza mengine, lakini cheka kwanza: siku hizi mimi ni mkunga wa mbwa! Lulu, mbwa wa madam, alizaa kwa upasuaji. Daktari alimshona mara mbili, naye mara mbili akang'oa nyuzi kwa meno, kidonda kikaachama tena. Madam alilia.

Nikatoa leso yangu nikamfunga tumbo nikakaza barabara, kama Mama alivyonifunga nilipomzaa Mutheu. Kila asubuhi namfungua, namsafisha kwa maji ya chumvi, namfunga tena. Anavyotembea kwa maringo, ungedhani bibi harusi! Leo kidonda kimeziba kabisa.

Madam akauliza nimejifunzia wapi. Nikasahau kwamba ajenti aliyenileta huku aliniandika kwamba sina mtoto, nikajibu, "Nilifungwa hivyo nilipojifungua."

"Kwani una mtoto?"

Dada, mwaka wa pili huu, ndio kwanza ananiuliza. Ikawa zamu yangu kulia. Akasema kila Ijumaa saa kumi nitumie simu yake, tuonane kwa video.

Mvalishe Mutheu gauni la njano. Na umwambie, polepole, kwamba wewe ni mama mkubwa tu.

Mdogo wako,
Zipporah